Dirisha la Paani Lisilovuja: Mwongozo Kamili wa Kujenga Kijumba cha Dirisha

Ujumbe ninaoupata kuhusu madirisha ya paani unafanana mno. Kuna picha ya dari yenye doa la rangi ya chai, kuna maelezo kwamba pembe za dirisha zimeshajazwa silikoni mara mbili au tatu, halafu linakuja swali: silikoni ipi ni imara zaidi? Nimejibu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Safari hii naiandika kazi yote kuanzia mwanzo, kwa sababu tatizo haliko kwenye silikoni. Mahali fulani kipande cha chini kimelazwa juu ya kile kilichopaswa kukifunika, na maji yakaona mlango.

Kanuni inayobeba kazi nzima ni moja: kila kilicho juu kilalie kilicho chini yake, kama magamba ya samaki. Takriban kila hatua hapa chini inarudi kwenye kanuni hiyo.

Kwanza tuelewane: dirisha lipi?

Nusu ya lawama kati ya mwenye nyumba na fundi huanzia kwenye neno lenyewe. Kwenye soka, dirisha la usajili hufunguliwa na kufungwa kwa tarehe. Benki, dirisha ni pale unapopanga foleni. Kwenye kompyuta ni kisanduku unachofungua na kufunga kwa kipanya. Huko neno likitumika kwa maana hii au ile hakuna anayepata hasara. Kwenye ujenzi hasara ipo.

Mwashi akisema "dirisha la mita moja", mara nyingi anazungumzia tundu analoliacha ukutani. Seremala anazungumzia fremu, yaani miimo miwili na vizingiti viwili. Mkata vioo anafikiria kioo. Mwenye nyumba anafikiria bawa analolisukuma asubuhi apate hewa. Tundu la mita moja likiletewa fremu ya mita moja, fremu haiingii. Ikilazimishwa inapinda, na bawa linagoma kufunga. Basi andikeni kwenye karatasi vipimo vitatu vilivyo mbalimbali: tundu, fremu kwa nje, na kioo.

Kuna mkanganyiko wa pili. "Dirisha la paani" watu hulisema kwa vitu viwili. Kimoja ni kioo kilicholala sambamba na mteremko wa paa; hicho kina namna yake ya kufungwa na hatukijengi leo. Kingine ni dirisha linalosimama wima ndani ya kijumba chenye kuta mbili za ubavuni na paa lake dogo, kilichochomoza kutoka kwenye paa kubwa. Hiki ndicho chetu, nami nitakiita kijumba tu. Humu ndani "dirisha" ni fremu na mabawa yake, na "tundu" ni nafasi tupu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kupanda

Usifungue paa kabla ya kila kitu kuwa kimefika. Paa lililo wazi likisubiri bati moja lililosahaulika ndipo mvua hunyesha.

- Mbao za boriti zenye kimo na unene sawa na makombamoyo ya paa lako, yaani zile boriti za mteremko ambazo mafundi wengi huziita rafta.
- Mbao za kusimamishia kuta za kijumba, na plaiwudi ya nje ya kuzivalisha.
- Vikombe vya chuma vya kushikia ncha za boriti, pamoja na misumari au skrubu zake maalumu.
- Dirisha lenyewe, likiwa limeshafika na limeshapimwa kwa mkono wako. Vipimo vya kwenye risiti havitoshi.
- Utando wa kuzuia maji wa kufunika kuta na paa la kijumba, na utando wa kunata wa kuzungushia tundu.
- Mabati laini ya maungio, ambayo mafundi huyaita flashingi: la mbele, ya ubavuni na ya makutano ya juu.
- Mabati au vigae vya kuezekea vinavyofanana na vya paa kubwa, na vya akiba.
- Turubai kubwa kuliko tundu, lenye kufika mgongo wa paa na kuvuka upande wa pili.
- Pimamaji, timazi, skweya, futi, msumeno, mkasi wa bati, nyundo na drili.
- Jukwaa imara, ngazi ya paa, mkanda wa usalama na kamba iliyofungwa mahali pasipong'oka.
- Nguzo za muda za kuegemezea paa.

Jambo moja kuhusu mabati ya maungio: usichanganye metali ovyo. Shaba ikigusana na bati la zinki au alumini palipo na unyevu, zinki au alumini ndiyo huliwa haraka. Alumini pia huharibiwa na saruji mbichi, na mbao zilizowekwa dawa yenye shaba hula alumini na misumari isiyopakwa zinki. Chagua metali moja, nunua misumari inayoendana nayo, na usirudi nyuma.

Maswali matatu yanayoweza kuisimamisha kazi

Je, paa lako limebebwa na kenchi? Kenchi ni pembetatu za mbao ambazo kila ubao ndani yake unamtegemea mwenzake. Ukikata mmoja, mzigo hauna pa kwenda na paa huanza kushuka, pengine polepole bila kelele. Kama darini unaona mbao za mishazari zilizofungwa kwa sahani za chuma zenye meno, shuka na umwite mhandisi. Mwongozo huu ni kwa paa la makombamoyo yanayotoka ukutani hadi kwenye mgongo wa paa.

Je, paa lina asbesto? Karatasi za zamani za saruji zenye mawimbi mara nyingi zilichanganywa na nyuzi zake, na vumbi lake husababisha saratani. Usizikate, usizitoboe, usizivunje. Hiyo ni kazi ya watu wenye vifaa na kibali.

Je, una kibali? Kukata paa ni kubadilisha muundo wa nyumba, na mamlaka za ujenzi huhitaji mchoro. Mchoro huo ukipitiwa na mhandisi utakuwa umepata pia ukubwa sahihi wa boriti, jambo ambalo mimi siwezi kukuambia nikiwa mbali na nyumba yako.

Hatua ya 1: Pima mteremko, kisha fanya hesabu

Ingia darini. Shika pimamaji ya mita moja ikiwa imelala sawasawa, ncha yake moja ikigusa sehemu ya chini ya kombamoyo. Kwenye ncha ya pili, pima kwenda juu hadi kwenye kombamoyo. Ukipata sentimita 80, paa lako linapanda sentimita 80 kwa kila mita ya mlalo, karibu digrii 39.

Sasa amua paa la kijumba. Zipo aina nyingi, lakini mbili ndizo zinazofaa kwa anayejenga kwa mara ya kwanza. Ya kwanza ina mteremko mmoja unaoelekea mbele: nyepesi kujenga, ina maungio machache, na inatoa nafasi pana ndani. Ya pili ina mgongo katikati na miteremko miwili: inapendeza zaidi kutoka nje, ila inaleta mabonde mawili pale inapokutana na paa kubwa, na bonde ni mahali ambapo maji ya miteremko miwili hukusanyika. Kama hujawahi kukunja bati la bonde, chukua ya kwanza. Nasema hivi nikijua ya pili ndiyo watu wanayoipenda.

Hesabu ya aina ya kwanza ni hii: toa mpando wa paa la kijumba kutoka kwenye mpando wa paa kubwa, kisha zidisha kwa kina cha kijumba, yaani urefu wa mlalo kutoka uso wa mbele hadi pale paa lake linapogusa paa kubwa. Paa kubwa linapanda sm 80 kwa mita, la kijumba sm 20 kwa mita. Tofauti ni sm 60. Kina kikiwa mita 2.5, uso wa mbele wa kijumba utakuwa na kimo cha sm 150. Hapo dirisha linakaa vizuri.

Jaribu hesabu hiyohiyo kwa paa linalopanda sm 30 tu kwa mita. Tofauti ni sm 10, kwa hiyo uso wa sm 150 utadai kina cha mita 15. Haiwezekani, na ndiyo sababu paa la chini halifai kwa kijumba hata ukilitamani namna gani. Usijaribu kuponya hali hiyo kwa kulilaza paa la kijumba karibu na bapa. Kila aina ya bati na kigae ina mteremko wa chini kabisa uliotajwa na mtengenezaji. Ukishuka chini yake, upepo husukuma maji kinyumenyume chini ya mapishano.

Ukifaulu hapa: una mchoro wa ubavu wenye kina, kimo cha uso, na mahali paa la kijumba litakapogusa paa kubwa, chini ya mgongo na si juu yake.

Hatua ya 2: Hamisha mchoro hadi paani

Chora mipaka ya tundu kwa ndani, kwenye makombamoyo yenyewe. Jitahidi kingo za kulia na kushoto ziangukie kwenye makombamoyo yaliyopo. Utaokoa mbao na siku nzima ya kazi.

Kizingiti cha chini cha dirisha kiwe kati ya sm 80 na 110 kutoka sakafuni. Kikiwa chini zaidi mtoto anaweza kuanguka. Kikiwa juu zaidi, mtu hawezi kutokea hapo wakati wa moto, na chumba cha darini mara nyingi hakina njia nyingine ya kutokea.

Kisha pigilia msumari mrefu kwenye kila pembe ya tundu, utokeze nje. Ukipanda juu utaiona misumari minne. Vuta kamba kati yake na pima mishazari miwili. Ikilingana, tundu lina pembe mraba. Ikipishana hata sentimita moja, rekebisha sasa, maana kosa la hapa litakufuata hadi kwenye kioo.

Hatua ya 3: Egemeza paa

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo yenye hatari ya mwili. Kombamoyo likikatwa, vipande viwili vinavyobaki vinaning'inia. Kabla ya kukata, weka boriti ya mkingamo chini ya makombamoyo yote yatakayokatwa, moja juu ya mstari wa tundu na nyingine chini yake, kila moja ikibebwa na nguzo zilizokaa kwenye sakafu imara. Nguzo isikae katikati ya plaiwudi au ubao wa dari. Ikae juu ya boriti ya sakafu.

Ukifaulu hapa: ukipiga nguzo kwa kiganja haitikisiki, na hakuna kombamoyo lililoinuliwa kupita lilipokuwa. Unabeba paa, hulisukumi.

Hatua ya 4: Ezua na kata

Subiri siku kavu na uanze asubuhi. Funga turubai kwenye mgongo wa paa likiwa limekunjwa, tayari kushushwa kwa mvuto mmoja.

Ezua eneo pana kuliko tundu, angalau mistari miwili ya vigae au mawimbi mawili ya bati kila upande, kwa sababu mabati ya maungio yatahitaji kuingia chini yake. Wengi hukata tundu kamili kwa grainda, bati likiwa bado limepigiliwa, halafu hawana pa kuchomeka chochote. Hapo ndipo silikoni huingia, na doa la chai likafuata. Cheche za grainda pia huunguza rangi ya bati, na kutu huanzia hapo. Mkasi wa bati ni bora.

Kata makombamoyo kwa mkato wa wima unaofuata timazi. Weka mkato wa juu mbali kidogo na mstari wa tundu, ukiacha nafasi ya unene wa mbao mbili za mkingamo, yaani boriti zitakazolala kukingama ukingoni mwa tundu. Fanya hivyo hivyo chini.

Hatua ya 5: Pachika mapacha na mikingamo

Mzigo wa makombamoyo yaliyokatwa lazima upate pa kupita. Njia yake ni hii: kombamoyo lililokatwa linaegemea mkingamo, mkingamo unaegemea makombamoyo mawili ya pembeni, nayo yanapeleka mzigo ukutani. Kwa hiyo haya ya pembeni yanabeba zaidi ya sehemu yao, na kila moja linahitaji pacha, yaani kombamoyo jingine lililofungwa ubavuni mwake.

Pacha lianzie kwenye mgongo wa paa na lifike kwenye boriti ya ukutani. Nimeona mapacha yaliyokatwa yakaishia kwenye tundu tu, ati kuokoa mbao. Hayo hayasaidii, kwa sababu mzigo huachiwa katikati ya kombamoyo lile lile lililokuwa pekee. Yaunganishe kwa misumari iliyopigwa kwa mtindo wa kupishana, urefu wote.

Mikingamo nayo iwe miwili miwili, juu na chini. Ifunge kwa vikombe vya chuma, na kila tundu la kikombe lipate msumari wake. Msumari mmoja wa mshazari uliopigwa kwa ncha hautoshi hapa.

Ukifaulu hapa: vuta kamba kwenye mgongo wa paa, kisha ondoa nguzo za muda polepole, moja baada ya nyingine, ukiitazama. Kamba isionyeshe kushuka.

Hatua ya 6: Simamisha uso na kuta za ubavuni

Uso wa mbele uunde chini, kwenye sehemu bapa, kisha upandishe ukiwa mzima. Tundu la dirisha ndani yake liwe kubwa kuliko fremu kwa milimita 10 hadi 15 kila upande. Nafasi hiyo ni ya kabari za kusawazisha, na ni ya mbao kupumua zinapovimba na kunywea. Juu ya tundu weka linta, yaani boriti inayovuka tundu, kwa sababu paa la kijumba litaegemea hapo.

Simamisha uso kwa timazi, uegemeze, ndipo ujaze kuta za ubavuni juu ya makombamoyo pacha. Nguzo za ubavuni zinapungua urefu kadiri unavyoelekea nyuma. Pima ya kwanza na ya pili, tafuta tofauti. Zilizobaki zote zinapungua kwa kiasi hicho hicho kama umeziweka kwa nafasi sawa.

Valisha plaiwudi. Ikishakazwa, kijumba kinaacha kuyumba, na utalihisi hilo kwa mkono.

Hatua ya 7: Paa la kijumba

Kwa mteremko mmoja, makombamoyo madogo yanatoka kwenye linta ya uso na kupanda hadi mkingamo wa juu au zaidi ya hapo. Yaachie yachomoze mbele na ubavuni, angalau sm 20. Mchomozo huo ni mwavuli wa dirisha. Kijumba kisicho nao hupigwa na mvua usoni kila msimu.

Acha pia nafasi ya hewa kati ya kizuiajoto na ubao wa paa. Palipo na baridi, hewa yenye unyevu kutoka chumbani huganda kuwa matone kwenye ubao wa juu, na mwenye nyumba huapa kwamba paa linavuja. Palipo na joto, nafasi hiyo hiyo hutoa hewa ya moto kabla haijashuka chumbani.

Hatua ya 8: Utando, kuanzia chini

Funika kuta na paa la kijumba kwa utando, ukianza chini na kupanda. Kila pande la juu lipishane na la chini kwa sm 15. Utando wa kuta ushuke hadi juu ya paa kubwa na ukunjwe kulifuata.

Sasa jambo dogo lenye uzito: sm 30 za mwisho za utando, upande wa chini, usizibandike. Ziache zikiwa huru, zinyanyuke kama pindo la shuka. Bati la mbele na ya ubavuni yatapita nyuma yake baadaye. Ukizibandika leo, kesho bati litakaa mbele ya utando, na maji yote yatakayopenya ukutani yatashuka nyuma ya bati.

Hatua ya 9: Dirisha lenyewe

Sehemu ya chini ya tundu iteremke kidogo kuelekea nje. Kabari nyembamba ya ubao inatosha. Ibandike utando wa kunata, uinuke kwenye miimo sm 15 kila upande na ushuke nje juu ya utando wa ukuta. Umetengeneza sinia: maji yakipenya pembeni mwa fremu yataangukia humo na kutoka nje.

Ingiza fremu, iweke kwenye kabari, pima kwa pimamaji na timazi, pima mishazari, kisha kaza skrubu. Fungua na kufunga bawa kabla ya kukaza zote. Likisugua, sogeza kabari, usikimbilie randa.

Halafu bandika utando wa pembeni kulia na kushoto, na mwisho wa juu, ukipita chini ya utando wa ukuta. Juu ya fremu weka kibati cha kudondoshea matone.

Ukingo wa chini wa fremu, kwa nje, usiuzibe kwa silikoni. Najua mkono utakuwasha. Ukiuziba, sinia halina pa kumwagia, na maji yanageukia ndani.

Hatua ya 10: Mabati ya maungio

Hapa ndipo vijumba vingi hufia. Fanya kwa mpangilio huu bila kuugeuza: mbele, ubavuni, juu.

Bati la mbele. Linakaa chini ya dirisha, likiwa limekunjwa: mguu mmoja unapanda ukutani angalau sm 10, ukiingia nyuma ya pindo la utando, na mwingine unalalia vigae au bati la paa kubwa kwa sm 15. Hili linalala juu ya vifuniko vya paa, kwa sababu maji yanatoka kwake kwenda kwao. Litokeze nje ya kuta za ubavuni sm 10 hadi 15 kila upande, na kwenye pembe likatwe na kukunjwa kuzunguka ukuta. Pembe hizo mbili za chini ndizo chanzo cha mavuno mengi ya madoa. Kunja, usikate mraba na kujaza silikoni.

Ubavuni, paa la vigae bapa. Tumia vipande vidogo vya bati vilivyokunjwa kwa pembe mraba, kimoja kwa kila mstari wa vigae. Kipande cha kwanza kinalalia pembe ya bati la mbele. Unaweka kigae, juu yake kipande, kigae, kipande, ukipanda kama ngazi. Kila kipande kilalie cha chini yake kwa sm 7 au zaidi, nacho kiinuke ukutani sm 10. Kipigilie upande mmoja tu, ama ukutani ama paani, kwa sababu ukuta na paa havisogei pamoja na kipande kilichofungwa kote huchanika. Usiweke bati moja refu badala ya vipande: likipata tundu moja, linayapeleka maji chini hadi mwisho. Vigae vyenye mawimbi havikubali ngazi hii. Vinataka mfereji wa bati unaoshuka ubavuni, wenye ukingo uliokunjwa.

Ubavuni, paa la mabati. Hapa vipande virefu ndivyo vinavyofaa. Bati lipande ukutani na lilalie migongo miwili ya bati la paa, ukingo wake ukishushwa kwenye bonde la wimbi. Anzia chini, kila kipande cha juu kilalie cha chini kwa sm 15. Kipande cha mwisho kiingie chini ya bati la paa lililo juu ya kijumba.

Makutano ya juu. Kwa paa la mteremko mmoja, bati la mkunjo liingie chini ya vifuniko vya paa kubwa na lilalie vifuniko vya paa la kijumba, sm 20 kila upande. Kwa paa la mgongo, kila bonde lipate bati lenye upana wa sm 60, yaani sm 30 kila upande wa mkunjo, na usipige msumari wala skrubu karibu na katikati yake. Pale mabonde mawili yanapokutana juu ya mgongo wa kijumba, weka kipande kimoja kinachoyafunika yote mawili na kuingia chini ya vifuniko vya juu. Kisipokuwepo, pana tundu la ukubwa wa kidole ambalo jicho halilioni kutoka chini.

Ukimaliza, shusha pindo la utando juu ya miguu ya mabati, ubandike, na uvalishe ukuta mbao au plasta yake. Valio hilo liishie sm 3 hadi 5 juu ya paa. Likigusa paa, hunyonya maji kama utambi.

Ukifaulu hapa: kila ungio unaloliona, maji yakitoka juu yanaruka kwenda chini bila kukutana na ukingo unaoyatazama.

Hatua ya 11: Jaribu kwa mpira wa maji

Kabla ya kufunga dari, mtu mmoja abaki ndani na tochi, mwingine apande na mpira wa maji. Mwagilia bati la mbele peke yake dakika 10. Kisha ubavu mmoja, dakika 10. Kisha ubavu wa pili, dirisha, na mwisho makutano ya juu. Anza chini, kisha panda juu. Ukianza juu, maji yatalowesha kote kwa mara moja na hutajua yameingilia wapi. Mpira uelekee chini kama mvua. Ukiupiga kuelekea juu utalaumu paa lisilo na kosa.

Doa liko wapi, kosa liko wapi

Kwa wale ambao kijumba kimeshajengwa na kinavuja, tazama doa kabla ya kununua chochote.

Doa chini ya pembe za dirisha, kulia au kushoto, karibu na sakafu: pembe ya bati la mbele haikukunjwa, au kipande cha kwanza cha ubavuni kimeingia chini yake. Ezua mistari mitatu ya chini na uipange upya.

Doa chini ya katikati ya dirisha: sinia halipo, au ukingo wa chini wa fremu umezibwa. Jaribu kwanza kuikata ile silikoni ya chini kwa kisu. Mara kadhaa hilo pekee limetosha.

Doa kwenye dari, pale kijumba kinapoungana na paa kubwa: makutano ya juu. Hapa hakuna njia ya mkato, ezua.

Doa katikati ya ukuta wa ubavuni: bati limekaa mbele ya utando, au msumari umetoboa mguu wa bati unaopanda ukutani.

Unyevu uliotapakaa kote bila mpaka, na unaonekana hata siku zisizo na mvua: hayo ni matone ya mvuke, si paa. Tafuta nafasi ya hewa iliyozibwa na kizuiajoto.

Ukipata ungio lililojazwa silikoni ya zamani, ikwangue yote kabla ya kuweka bati jipya. Bati likikaa juu ya bonge hilo linaacha mwanya pembeni, na upepo utasukuma mvua humo.